Gunia Chini ya Nguo Zako

Cherotich wangu,

Umetoka hapa saa sita kwenda Litein kutafuta gambuti, kwa sababu yule mwenye duka wa Litein ndiye pekee mwenye saizi ya mguu wako. Kwa jinsi ninavyokujua, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Njiani utaona punda aliyefungwa vibaya na utashuka kumgombeza mwenye punda. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la sayansi, na baba yako amepita dirishani mara nne akijifanya anatafuta panga. Panga liko mkononi mwake.

Habari za blanketi, sufuria na kuchemsha maji ya kunywa nimeshakuambia mpaka ukaniomba nipumzike. Sitazirudia. Tena Chebunyo unakokwenda si Ulaya. Ni hapo Bomet tu, na mtu akiamka mapema anafika chai ya saa nne ikiwa bado moto. Lakini safari zako zote za nyuma zilikuwa za kwenda shule, na shule hufungwa mtoto akarudi nyumbani. Kesho unakwenda kuanza kazi na maisha yako. Kuna jambo ambalo ni lazima uondoke nalo, na kwa mdomo limenishinda. Nimejaribu tangu Jumapili. Kila nikifungua mdomo naona nimekuuliza kama umekula.

Nianze na furaha, maana ndiyo iliyojaa zaidi. Najivunia wewe, mwanangu, mpaka naona haya. Siku hizi nikipeleka chai kituoni kupimwa nasimama kwenye foleni nikingoja mtu aniulize habari zako. Wasipouliza, mimi nawauliza habari za ng'ombe wao, halafu nasema polepole kwamba kama kuna shida, daktari yuko nyumbani. Wameshanizoea. Juzi karani wa kituo aliniona nakuja na kikapu akasema kabla sijafika, "Tunajua, mama. Daktari yuko nyumbani."

Ulizaliwa jioni ng'ombe wakirudi bomani, ndiyo maana Kogo, mama ya baba yako, akakupa jina la Cherotich. Sijui kama ni jina lililokufanya uwe hivyo au ni wewe uliyelifuata jina. Watoto wengine wa hapa Sosiot walimkimbia kinyonga. Wewe ulimleta ndani akiwa begani, ukataka nimpe maziwa. Kuku alipovunjika mguu ulichana leso yangu mpya, ile ya maua mekundu, ukamfunga bandeji, na huyo kuku akatembea na maua yangu mwaka mzima. Mbwa wa jirani alipokuuma, ulirudi ukilia, si kwa ajili ya mkono wako. Ulilia kwamba meno yake yameoza na hakuna mtu anayemwangalia.

Na siku ya mchungaji je? Nilikuwa nimemchagua jogoo, maji yanachemka jikoni, jogoo haonekani. Tulimtafuta hadi tukachoka. Tukaketi kula maharagwe kwa aibu, mchungaji akainamisha kichwa kuombea chakula, na kutoka kwenye kikapu changu cha chai, chini ya majani, jogoo akawika. Wewe ulikuwa umekaa juu ya mfuniko. Mchungaji alicheka mpaka akafuta machozi, akasema huyo jogoo ameokoka kabla ya watu wengi wa kanisa lake. Nilitaka kukuchapa. Baba yako akanizuia, kwa sababu naye alikuwa anacheka.

Mwezi uliopita nilikuona ukifanya kazi kwa mara ya kwanza, na hilo lazima nikusimulie kama nilivyoliona mimi, maana wewe ulikuwa umetugeuzia mgongo.

Ng'ombe wa jirani yetu Mama Nyaboke alikuwa ameshindwa kuzaa tangu asubuhi. Ulipofika na ovaroli yako, wale wanaume watatu waliosimama pale walikutazama kutoka juu hadi chini, na mmoja akasema bila hata kupunguza sauti, "Hii kasichana itaweza nini?" Uliomba maji moto na sabuni, ukajipaka mkono mpaka begani, ukalala kifudifudi kwenye tope ukaingiza mkono, ukafumba macho. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilikuona unasikiliza kwa vidole. Kisha ukasema ndama amekuja matako mbele, na ukaanza kumgeuza mguu mmoja mmoja, bila kuvuta kwa nguvu, ukizungumza na ng'ombe kama mtu anayembembeleza mtoto. Jasho lilikutoka mpaka kwenye kidevu. Ndama alipoanguka kwenye majani na kupiga chafya, yule mwanamume wa kasichana ndiye aliyekimbia kuleta gunia la kumfutia.

Lakini hicho sicho kilichonishika. Kabla ya hapo, ulipokuwa bado umelala kwenye tope, ulimwuliza Mama Nyaboke kama kuna mtu aliyejaribu kumvuta ndama. Wale wanaume wakatazama miguu yao. Mwishowe akasema kwamba ndiyo, walimfunga kamba wakavuta tangu saa mbili, na kwamba ni yeye aliyewaambia wavute. Na wewe ukasema, bila kuinua kichwa, "Asante kuniambia, mama. Hiyo inanisaidia sana."

Nilikuwa karibu kuiangusha ndoo. Mama Nyaboke akanitazama, nami nikatazama pembeni. Sikuwa na pa kuweka macho, kwa sababu miaka kumi na sita iliyopita daktari wa mifugo alisimama kwenye boma langu, akaniuliza swali la namna hiyo, na mimi nikamjibu uongo.

Halafu ikaja Jumapili, siku ya shukrani ya kuhitimu kwako. Hema limejaa, mursik, maziwa yetu ya mgando, imepita kibuyu kwa kibuyu, watu wa kanisa wamevaa vizuri kuliko siku ya Krismasi. Ukaitwa useme neno. Ukasimama na kusema, "Mimi niliingia hii kazi kwa kuua ng'ombe. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimpa ng'ombe wa Kogo majani ya viazi ikiwa na umande, akafura, akakufa. Ndio nikasema, lazima nisome nijue." Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Mzee mmoja wa kanisa akasema Mungu hufanya kazi kwa njia za ajabu. Wewe ukanitazama kidogo tu, ukatabasamu, ukakaa.

Cherotich, hukumuua Chelel. Mimi ndiye niliyemuua.

Sasa nimeliandika. Nimeinuka nikaenda kunywa maji, nimerudi, na bado limeandikwa.

Nikueleze vizuri, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na uliona upande mmoja tu. Chelel alikuwa ng'ombe wa Kogo. Alikaa kwetu kwa desturi ile ya kimanagan, ambapo mtu anampeleka ng'ombe wake akatunzwe kwa mtu anayemwamini: maziwa ni ya mtunzaji, ng'ombe ni wa mwenyewe. Kogo alikuwa na wake wa wanawe watatu, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni zaidi kati yao. Siku alipomleta Chelel, na lile baka lake jeupe la usoni, alisema mbele ya wenzangu wote kwamba mimi nina mikono ya ng'ombe. Unaijua sifa hiyo kwetu ina uzito gani. Neno hilo lilinilewesha kuliko pombe. Nilitembea nalo Sosiot nzima. Nilikuwa nikikamua naangalia mikono yangu.

Ilikuwa majira ya kutia mbolea kwenye chai. Nilitaka kushona aproni ya kuchunia, maana michai ya asubuhi hulowesha nguo mpaka magotini, na gunia la mbolea likishaisha ni zuri kwa kazi hiyo, kila mwanamke hapa anajua. Nilililoweka kwenye karai kubwa, lile lile la kumnyweshea Chelel, nikalisugua, nikalianika kwenye ua. Maji nikayaacha kwenye karai. Nilisema nitayamwaga nikirudi kutoka kupima chai. Mwanangu, ni hivyo tu. Hakukuwa na uchawi, wala adui, wala umande. Ni haraka yangu.

Niliporudi, karai lilikuwa limelambwa mpaka likang'aa. Kamba ya Chelel ilikuwa imekatika. Wewe ulisimama mlangoni pa zizi na majani machache ya viazi mkononi, ukaniambia, "Mama, Chelel anatetemeka na hataki hata kula hii."

Yale majani yalikuwa makavu. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikunyang'anya nikayashika.

Nilijua papo hapo. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka uisikie, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikujua. Nilijua. Na kabla sijamwita daktari, kabla hata sijampigia baba yako kelele kule shambani, nilikwenda kwanza kwenye ua nikachukua lile gunia nikalificha chini ya kitanda. Nililifunika karai kifudifudi. Ndipo nikaita watu.

Daktari alikuja na pikipiki. Alikuwa kijana, labda umri wako wa sasa. Akauliza amekula nini. Mama yako mkubwa alikuwa ameshafika, na wanawake wengine wawili, wote wamesimama wananitazama mimi mwenye mikono ya ng'ombe. Nikasema, "Mtoto amempa majani ya viazi yenye umande." Nikakuonyesha kwa kidole. Ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa umevaa sweta ya shule yenye tundu kwenye kiwiko.

Akampa dawa ya gesi. Kisha alipotafuta mshipa wa shingo, damu iliyotoka ilikuwa ya rangi ya turungi, chai iliyokolea isiyo na maziwa. Akasimama. Akatazama uani, akatazama lile karai. Akaniuliza, "Mama, hakuna mbolea hapa? Hata mfuko?" Nikasema hapana. Akasema, "Kama ni mbolea niambie sasa, maana hii dawa nampea si yake." Nikasema hapana. Petro alikana mara tatu ndipo jogoo akawika. Mimi mara mbili zilitosha, na jogoo wetu alikuwa ametulia.

Chelel alikufa kabla ya saa saba. Sijui kama angepona. Pengine yule kijana hakuwa na hiyo dawa nyingine kwenye mkoba wake. Wewe unajua hayo kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba alipewa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao, kwa sababu ya mdomo wangu.

Unaweza kufikiri nilimwogopa Kogo, au baba yako. Hapana. Kogo hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja, na baba yako unamjua, hasira yake ni kutafuta panga. Niliogopa kupoteza lile neno. Niliogopa watu waache kusema nina mikono ya ng'ombe. Ili nibaki na neno, nikampa mtoto wangu lawama. Nikilitazama sasa, lilikuwa neno dogo sana.

Na wewe ukalibeba. Hukula siku mbili. Ulikwenda kulala zizini kwenye majani ya Chelel, na baba yako akawa anakubeba kukurudisha ndani. Siku ya tatu Mama Nyaboke alikuja. Unajua nyumba zetu zinatazamana, na asubuhi ile alikuwa ameliona gunia kwenye ua, kisha akaona halipo. Alinivuta kando akaniambia taratibu, "Mama Cherotich, mtoto hali chakula. Hiyo mzigo si yake." Hakusema zaidi ya hapo. Nikamjibu kwamba mtu aliyekuja hapa kutoka Kisii juzi juzi asinifundishe mambo ya ng'ombe. Niliyatoa maneno hayo kwenye mlango wangu, kwa mwanamke aliyekupokea ulipozaliwa. Nikaacha kumsalimia, miaka miwili. Yeye hakuacha. Kila asubuhi alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua, na kila asubuhi nilimchukia zaidi. Nimejifunza hapo kwamba hatuwachukii wanaotukosea nusu ya tunavyowachukia wanaotujua.

Siku ile ile ya tatu jioni Kogo naye akaja, amebeba kibuyu cha mursik. Akakuweka miguuni pake, akakunywesha kidogo kidogo. Halafu akasema kwa lugha yetu maneno ambayo umeyarudia mara nyingi: "Aliyeua kwa kutojua, dawa yake ni kujua. Huyu atakuwa chepkerichot." Ulikuwa hulijui neno hilo. Nikakueleza kwamba ni mwanamke anayejua dawa, mganga wa mitishamba, na kwamba wazee wengine husema hata jina la Kericho limetoka kwenye neno la dawa. Ukaacha kulia. Ukauliza kama chepkerichot anatibu na ng'ombe. Kogo akasema anatibu chochote kinachopumua. Tangu siku hiyo akakuita "taktari", na alikufa bado anasema "taktari", hata ulipokuwa umemrekebisha mara mia.

Ila kuna kitu ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa umekaa miguuni pake. Alipokuwa anasema hayo ya kujua na kutojua, mkono wake ulikuwa kichwani kwako, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Nilidhani siri ni yangu na ya Mama Nyaboke, na pengine Kogo aliyekwenda nayo kaburini. Mpaka ule mwaka wako wa tatu chuoni.

Ulikuja likizo. Siku ya pili nilitoka shambani nikakuta magunia yote ya mbolea yameondolewa uani. Ulikuwa umeyaning'iniza juu kabisa kwenye stoo, kwenye misumari, na ulikuwa umechimba shimo dogo mbali na zizi la kumwagia maji ya kuoshea. Karai ulikuwa unalisugua kwa mchanga. Hukugeuka. Ulisema, "Mama, magunia ya mbolea isioshewe tena kwa karai ya ng'ombe. Wanapenda ile chumvi. Inageuza damu inakuwa brauni." Nikasema sawa. Ukaendelea kusugua, halafu ukasema, "Leo nitakamua mimi, wewe pumzika."

Nilirudi kwenye chai. Nilichuna mpaka kikapu kikajaa na sikuona jani hata moja. Nilijua umejua. Walikuwa wamekufundisha darasani ile damu ya rangi ya turungi, na ulikuwa umekaa kwenye dawati lako huko Nairobi ukaliona karai letu. Nilingoja uniulize. Likizo ikaisha. Nilingoja na likizo iliyofuata. Hukuuliza, nami nikajiambia kwamba pengine hukukumbuka, pengine nimejidhania tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mwalimu.

Basi Jumapili ukasimama hemani, daktari mwenye cheti, unajua kila kitu, na ukasema mbele ya watu wote kwamba ni wewe uliyemuua, kwa majani yenye umande. Nilikuwa na kibuyu mkononi. Ndipo nikaelewa lile tabasamu. Nilikuwa nimekuficha jambo miaka yote hiyo, na kumbe wewe ndiwe uliyekuwa unanificha mimi.

Sijawahi kupendwa hivyo. Na sijawahi kuona aibu hivyo. Vyote viwili vilikuja pamoja, nikashindwa hata kuwapigia watu vigelegele.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Nyaboke. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la Kisii na kwa miaka miwili ya salamu zake. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Akaniambia, "Kwangu ulimaliza kitambo. Bado kwa mtoto." Jana nilimwambia baba yako. Aliuliza tu gunia liko wapi. Sasa unajua kwa nini anazunguka dirishani. Anataka kuona kama naandika.

Kuna mawili tu ninayotaka kukuambia kuhusu kazi, na si ya daktari, ni ya mtu aliyemdanganya daktari.

Utanikuta huko Chebunyo. Nitakuwa kwenye boma lolote utakaloingia, nimesimama karibu na mnyama anayekufa, watu wananitazama, na utakaponiuliza amekula nini nitakutazama machoni na kusema uongo. Usiniamini haraka, lakini usinikemee pia. Angalia namwogopa nani. Niite kando, mbali na mama mkwe wangu na majirani, uniulize mara ya tatu, kwa sauti ile uliyomwulizia Mama Nyaboke. Yule kijana wa pikipiki aliniuliza mara mbili mbele ya watu wanne. Kama angeniuliza ya tatu nyuma ya nyumba, sijui. Napenda kufikiri ningesema.

Na la pili ni hili. Watakusifu. Wameshaanza. Utasikia una mikono ya ng'ombe, una mikono ya mbuzi, una mikono ya punda, na itakuwa kweli, kuliko ilivyokuwa kweli kwangu. Furahi, mimi mwenyewe nitalitangaza kwenye foleni ya chai. Lakini siku mnyama atakufa mikononi mwako, na atakufa, kwa sababu hata wewe umezaliwa na mtu, usiitetee sifa. Sema ulichofanya. Atakayekuacha kwa sababu hiyo mwache aende.

Sasa ombi langu. Nakujua, utasimulia tena hadithi ya Chelel. Ni hadithi nzuri, watu wanaipenda, na kule utakutana na akina mama wengi wenye ng'ombe mmoja au wawili. Lakini ukiisimulia kama ulivyoisimulia Jumapili watarudi nyumbani wakiogopa umande, na gunia la mbolea bado liko kwenye karai. Ng'ombe wa mtu atakufa kwa sababu daktari alikuwa anamsitiri mama yake. Usinisitiri kwa gharama hiyo. Nilikutwisha mzigo huu ukiwa huna nguvu ya kuukataa, na ulipopata nguvu ukaamua kuubeba kwa hiari. Inatosha, mwanangu. Tua.

Chini ya nguo zako, upande wa kushoto wa begi, kuna gunia limekunjwa. Ndilo lile. Sikuweza kulishona aproni na sikuweza kulichoma. Limekaa kwenye sanduku miaka kumi na sita, na jana mimi na baba yako tulilitoa. Ukiwakusanya akina mama wa Chebunyo, waonyeshe hilo. Wape walishike. Usiwaambie kulikuwa na mkulima mmoja, wala mama mmoja wa Kericho. Sema, "Ni mama yangu mzazi, anaitwa Mama Cherotich, anakaa Sosiot, yuko hai na ndiye aliyenituma." Wakicheka, waache wacheke. Wakimwuliza daktari kama mama yake ana mikono ya ng'ombe, waambie hana, lakini amezaa aliye nayo.

Nasikia pikipiki inapanda. Baba yako ameshafika getini, na panga ameliacha kwenye nyasi. Umekaa nyuma ya bodaboda na gambuti zako umezivaa tayari, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, na kuna kitu kinachotikisika ndani ya koti lako. Kikiwa ni paka, utakwenda naye Chebunyo, na chakula chake.

Naikunja barua hii na kuiweka juu ya gunia. Isome ukiwa umefika. Kesho asubuhi nitakuuliza tu kama umekula.

Kongoi, asante sana, taktari wangu.

Ni mimi mama yako, niliyeosha gunia.